Pipa la Maganda la Mama Musembi

Mama Musembi hamwamini mtu. Nasema hivi na mwenyewe akisikia hatakasirika, atauliza tu ni nani amenituma niseme. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja hapa mtaa wa Raila, Kibera, Nairobi. Mimi nakaanga mandazi mlangoni pa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, yeye anauza matunda ya kukatwa kule Sarang'ombe, na kati ya mlango wangu na wake limesimama pipa la plastiki la buluu ambalo amelitia kufuli. Ndani ya pipa hilo hakuna nguo, hakuna unga, hakuna kitu ambacho mwizi mwenye akili angejisumbua kukibeba. Kuna maganda ya nanasi.

Kila jioni anarudi na ndoo ya maganda: ya tikiti, ya papai, ya nanasi, ya ndizi. Wenzake wa biashara hiyo huyamwaga mtaroni wakaendelea na maisha yao. Yeye huyakatakata vipande vidogo kwa kisu kikuukuu, anayatandaza ndani ya pipa, anayafunika kwa maranda aliyookota kwa fundi wa mbao, anayanyunyizia maji kidogo, anafunga. Pipa limetobolewa matundu pembeni lipate hewa. Chini kabisa amekata kamlango kadogo akakafunga kwa waya. Juu yanaingia maganda na chini, baada ya miezi, inatoka mboji: nyeusi, nyepesi, haina uvundo wowote, inanukia shamba baada ya mvua. Hiyo ndiyo anayojazia magunia yake ya sukuma wiki yaliyopangwa kando ya ukuta, na sukuma yake, lazima niseme, ni tamu kuliko yangu ya kununua.

Lakini hakuanza hayo yote kwa kupenda kilimo. Alianza kwa kushuku. Sukuma ya sokoni haili. "Imenyweshwa maji taka," anasema, "na aliyeinywesha anajua." Mbolea ya duka haigusi, kwa sababu anasema siku hizi mtu anauziwa changarawe iliyopakwa rangi. Siku moja nilimpelekea maganda ya mayai, maana nilisikia yanafaa kwa udongo.

"Mayai ya nani?" akauliza.

"Ya wateja wangu."

"Wateja gani?"

Nikageuka nayo nikaenda zangu. Ana ubaguzi mpaka kwa mimea. Mbegu ya papai au ya nyanya ikiponea ndani ya mboji ikajiotea yenyewe kwenye gunia, anaing'oa. Nimemsikia kwa masikio yangu haya akiuhoji mche wa papai uliokuwa na majani mawili tu: "Mimi sijakupanda. Nani amekuleta?" Kisha akaung'oa.

Na majirani walimlipa kwa sarafu hiyo hiyo. Ploti yetu imejaa watu wa Western kama mimi, na yeye ni mtu wa Mutito, Kitui. Mnajua vile watu husema kuhusu Wakamba na uchawi. Mkamba akifukia kitu mbele za watu, hakuna anayeuliza ni nini, wanauliza kimelengwa nani. Nyongesa, anayetunza ploti na kukusanyia mwenye nyumba kodi, alikuwa akizunguka mbali ili asipite karibu na pipa. Asubuhi moja ya baridi aliona mvuke ukitoka kwenye matundu, akanivuta kando.

"Mama Billy, hiyo kitu inapumua."

"Ni joto ya maganda yakioza. Enda uweke mkono usikie."

Hakwenda. Mwanamume mzima, na amewahi kufukuza wezi kwa rungu.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kila mmoja na jicho lake kwa mwenzake, Mourine alipohamia chumba cha mwisho. Alikuja na begi moja na tumbo la miezi saba. Alikuwa akifanya kazi ya nyumba kule Kawangware mpaka tumbo likaonekana. Baba wa mtoto aliitwa Collins, mwendesha boda boda, ambaye alipopewa habari alisema hiyo mimba itafutiwe mwenyewe, akabadilisha laini ya simu. Nyumbani Bungoma baba yake alimwambia asithubutu kurudi na mtoto asiye na ukoo. Haya yote niliyavuta kwake kidogo kidogo kwa chai, maana alikuwa msichana wa kujibu kwa kichwa.

Mama Musembi alimpima kutoka utosini hadi kwenye kucha.

"Huyu msichana haongei," akaniambia. "Mtu haongei ana kitu."

"Ana mimba, Mama Musembi."

"Zaidi ya mimba."

Mtoto akazaliwa wakati wa jua kali, msichana, na Mourine akamwita Nasimiyu, jina tunalowapa wasichana wa kiangazi. Kitovu kilipokauka kikaanguka, Mourine alikuja kwangu amembeba mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi mwekundu wa sufu.

"Mama Billy, kimeanguka."

Nikajua papo hapo anachouliza. Kwetu kitovu cha mtoto hakitupwi. Kinazikwa nyumbani, kwenye shina la mgomba, na hapo ndipo mtu anapopata kwao. Hata akienda kuishi ng'ambo akazeekea huko, akiulizwa anatoka wapi ana mahali pa kuonyesha kwa kidole. Kikitupwa ovyo, wazee wanasema mtoto huyo atazunguka maisha yake yote bila kutulia popote. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba vyangu vya watoto wote nilivipeleka Busia, na sikuwa na moyo wa kujaribu kufanya tofauti.

Sasa mwenzangu angekipeleka wapi? Kwa Collins hakiendi. Kwa baba yake hakiendi. Na hapa Raila ukichimba chini unakutana na mifuko ya nailoni juu ya mifuko mingine ya nailoni, na mtaro ukifurika kila kitu kinaelekea mtoni. Aliniuliza, "Sasa nikiweke wapi?" nikampa mandazi. Ndilo jibu langu ninapokosa jibu.

Siku zilizofuata nilimwona akikaa mlangoni pake na mtoto, akimtazama Mama Musembi akikata maganda, akitandaza, akifunika, akipapasa udongo wa magunia yake kwa kiganja. Alikuwa akitazama vile mtu anavyotazama chumba anachotaka kupanga. Mimi nilidhani anapitisha muda.

Halafu asubuhi moja nikaitwa.

"Mama Billy, kuja uone."

Mama Musembi alikuwa amechuchumaa mbele ya pipa, ameelekeza kidole kwenye waya wa kamlango ka chini, hakuugusa.

"Mimi hupinda kulia," akasema. "Hii imepindwa kushoto."

"Labda ulisahau."

"Mimi?"

Nikatazama waya. Nilipoinua macho niliona mlango wa Mourine ukijifunga polepole, nikaelewa. Mama Musembi kwa akili zake zote alikuwa ametia kufuli juu, kwa sababu yeye alimngojea adui wa kumwaga sumu kwenye maganda. Hakuwaza kamwe kwamba kuna mtu angekuja kwa chini, kwenye udongo ulio tayari.

Nilimfuata Mourine chumbani nikafunga mlango nyuma yangu.

"Umekiweka kwa pipa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Wewe umerukwa na akili? Mvua ikikaribia huyo mama hutoa udongo wote. Atakipata. Na akikipata, hiyo ni kuchoma ama kutupa mtaroni. Kitoe."

"Nikitoa nipeleke wapi?"

Tukawa tumerudi pale pale. Nilitoka nikiwa na hasira naye, na Collins, na baba yake, na mwenye nyumba, na kila mtu ambaye ana hata robo ya shamba mahali fulani. Nikajiuliza kama nimwambie Mama Musembi. Lakini nilimjua. Yeye aliyekataa maganda ya mayai ya wateja wangu angekubali kitovu cha mtoto wa mtu asiyeongea? Angekitoa saa hiyo hiyo. Nikaona afadhali kikae majuma machache kuliko kisikae kabisa, na labda kabla ya mvua Mourine atapata mahali. Nikaufunga mdomo.

Kumbe sikujua kiasi cha kazi inayotakiwa ili kuufunga mdomo karibu na Mama Musembi.

Kwanza alinyunyiza majivu kuzunguka pipa. Kisha akahamisha kigoda chake, akawa anakata matunda ya biashara akiwa ameliegemea pipa kwa mgongo, na uso wake kwa watu. Wateja wake wa Sarang'ombe walianza kulalamika anachelewa. Alimpigia simu mwanawe, Musembi, fundi wa kuchomea vyuma kule Mlolongo, akamuuliza bila salamu, "Ulikuja huku?" Nilisikia kijana akijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Mama, niko kazi." Alichuma majani ya sukuma akawatupia kuku wa Nyongesa, akasimama kuwaangalia mpaka jioni. Kuku hawakufa. Nilimwambia, umeona? Akasema kuku hana adui.

Asubuhi moja majivu yakawa na alama. Ulikuwa unyayo wa mguu mtupu, mdogo, kisigino kimezama kama cha mtu aliyechuchumaa, na vidole vimeelekea kwenye pipa. Mama Musembi hakupiga kelele. Alianza kutazama miguu ya watu. Ungekuwa unamsalimia, macho yake yako chini. Alikuja kununua mandazi, akaangusha shilingi makusudi, akainama, akapima slipa yangu kwa kiganja akidhani sioni.

"Mguu wangu ni mkubwa, Mama Musembi. Ungeuliza tu."

"Nimeangusha pesa."

"Basi okota."

Siku hiyo nilimbana tena Mourine. Kwa nini arudi pale, hali amekwisha kufanya alichofanya? Alimtazama mtoto.

"Nilimpeleka aone kwao," akasema.

Sikumgombeza tena baada ya hapo. Nilirudi kwenye karai langu nikakaanga mandazi huku nalia, na mteja mmoja akaniuliza kama ni kitunguu. Kwani kuna kitunguu kwenye mandazi?

Lakini na Mama Musembi naye alikuwa anaisha. Alikoma kula sukuma yake mwenyewe, na ya sokoni haili, kwa hivyo alikuwa akila ugali na chumvi. Mashavu yakaingia ndani. Hakusalimia mtu. Jioni moja nilikaa naye kwenye kigoda kingine, nikamwambia pipa ni pipa tu, asijiue kwa ajili ya maganda.

"Mtu anataka kunitoa hapa," akasema. "Unadhani ni mchezo? Mutito walianza hivi hivi. Unaona kitu kimesogezwa. Unauliza, unaambiwa umesahau."

Ndipo aliponieleza yale ambayo kwa miaka yote ya ujirani hakuwa ameyasema. Mumewe alipofariki, shemeji yake Kyalo alimwambia aje mjini atafute, shamba yeye atalilinda. Akalilinda mpaka siku aliyoliuza. Mama Musembi alirudi nyumbani krismasi akakuta ua wa watu wengine, na mbwa wa watu wengine, na mwanamke asiyemjua amepanda maharagwe pale alipokuwa akipanda yeye. Huyo mwanamke alimkaribisha chai. Hakuinywa.

"Kwa hivyo usiniambie nimesahau vile nimepinda waya," akasema.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilimwonea huruma. Lakini nikimwambia, nitakuwa nimemtoa mtoto kwao ili nimpe jirani usingizi. Nikasema, "Pole," nikaingia ndani.

Mvua haikungoja Mourine apate mahali. Jumamosi moja mawingu yalisimama juu ya vilima vya Ngong, upepo ukaanza kubeba vumbi, na Mama Musembi akatandaza turubai mbele ya pipa. Alikuwa amevaa nguo zake kuukuu na amefunga leso kichwani. Niliacha mandazi ndani ya mafuta. Mourine alisimama mlangoni pake na mtoto kifuani.

Waya ukafunguliwa. Mboji ikaanza kumwagika juu ya turubai, nyeusi, ya kupendeza. Mama Musembi alikuwa akiivuta kwa mikono, akivunja mabonge, akitoa kokwa za maembe ambazo hazijaoza na kuziweka kando. Kwa muda hata uso wake ulilegea. Alichota konzi akainusa. Kisha akaingiza mkono tena mpaka kwenye kiwiko, na mkono ukasimama.

"Ai, Ngai!"

Aliuchomoa mkono kama aliyegusa jiko. Kitambaa kikadondoka juu ya turubai. Kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo, lakini uzi wa sufu ulikuwa bado mwekundu.

Ploti yetu haina siri. Kabla sijafuta mikono, watu walikuwa wametoka kila mlango. Wakasimama mbali kidogo, kwa duara. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Nyongesa akaja na rungu lake, ingawa sijui alitaka kumpiga nani.

"Hizi mambo," akasema, "wenye wanazijua ni nyinyi."

Mama Musembi akainuka. "Sisi nani?"

"Si nyinyi Wakamba."

"Ningekuwa nazijua, Nyongesa, ningekuwa naogopa hivi?"

Hakuna aliyecheka. Mama Musembi alitupitia wote kwa macho, mmoja mmoja, akitafuta ni nani anamchukia kiasi hicho. Kisha akaingia chumbani akatoka na chupa ya mafuta ya taa na kiberiti.

"Nachoma hii," akasema. "Na huu udongo wote unaenda mtaroni. Wote. Hata wa magunia. Mwenye alitaka nikose, basi nimekosa."

"Mama Musembi, ngoja," nikasema.

Akanigeukia. "Ningoje nini? Wewe unajua kitu?"

Ninakaanga mandazi mbele ya watu kila siku na sijawahi kuona haya, lakini pale nilishindwa kumtazama. Naye akaliona hilo. Uso wake ukabadilika, na najua aliwaza nini: na wewe pia, Mama Billy. Akafungua chupa.

Mourine alivuka uwanja bila viatu. Alinipitia akanipa mtoto kama unavyompa mtu mzigo akushikie kidogo, akapiga magoti kwenye turubai, akafunika kile kitambaa kwa viganja vyote viwili.

"Usichome, Mama. Ni ya mtoto."

"Ya mtoto nini?"

"Kitovu."

Yule mama aliyekuwa akiomba akanyamaza katikati ya sentensi. Nyongesa, ambaye ni mtu wa kwetu na anajua kitovu ni nini, akateremsha rungu na kutazama kando. Mama Musembi alibaki na chupa mkononi.

"Kitovu," akarudia. Akatazama mguu mtupu wa Mourine pale kwenye turubai. Nadhani hakuweza kujizuia. "Ni wewe ulipinda waya kushoto."

"Ni mimi."

"Kwa nini kwangu? Nimekukosea nini? Ploti yote hii, kwa nini uniletee mimi?"

Mourine hakuinua kichwa.

"Nimeangalia hapa kote," akasema. "Hakuna mwingine mwenye anafunika udongo usiku. Kila mtu anamwaga tu. Wewe unaufunika. Nikasema, pale hakitatupwa."

Mama Musembi aliweka chupa chini. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Alianza kugomba.

"Na ukaweka chini! Chini ndiko natolea! Kitu ya kukaa unaiweka mahali panachimbwa? Hukuwa unaniangalia kila siku? Macho yako yalikuwa yanaangalia nini? Kila mvua huu udongo unatoka. Kingeenda kwa sukuma, watu wakile!" Alikuwa akipiga kelele na machozi yanateremka, na sidhani alijua yanateremka. "Cha Musembi kiko Mutito, nilizika mwenyewe na mama mkwe, tukapanga mawe juu. Leo mtu amepanda maharagwe hapo. Unasikia? Maharagwe. Na wewe unaniwekea kwa pipa."

"Sina mahali pengine," Mourine akasema.

"Najua huna! Kwani nimekuuliza kama uko na mahali?"

Akamwagiza Nyongesa alete gunia kubwa, lile jipya la nailoni lililokuwa kwake. Nyongesa akakimbia, na nilifurahi kumwona akikimbia. Mama Musembi akalijaza mboji nusu, kwa mikono yake, yule aliyekuwa hampi mtu hata konzi moja. Akamwambia Mourine akiweke katikati, mwenyewe. Akajaza tena juu mpaka pomoni. Watu wakaanza kurudi milangoni mwao, na kwangu mandazi yalikuwa yamekuwa makaa.

"Hili halichimbwi," akasema. "Na si la ploti hii. Mwenye nyumba akitufukuza, linabebwa. Mtu akitaka kukuchukulia ardhi atakuchukulia, lakini gunia unalala nalo."

Kisha akanigeukia mimi, akaniambia kwamba mimi nilijua, na kwamba hatasahau. Na kweli hajasahau. Mpaka leo akinunua mandazi anahesabu mara mbili.

Mvua iliponyesha, pale juu ya gunia la Nasimiyu pakaota kitu. Nilikuwepo alipokiona. Ulikuwa mche wa papai, majani mawili, umejileta wenyewe kutoka kwa mbegu ya maganda. Mama Musembi akainama juu yake, akaunyooshea mkono kama kawaida yake.

"Nani amekuleta?" akauuliza.

Nikangoja aung'oe. Akaukusanyia mboji kidogo shinani, akaenda zake kazini.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, Mourine akapata kazi Kawangware, kwa mama mmoja mwenye saluni aliyekubali aje na mtoto. Mama Musembi alishuku mpaka akakonda upya. "Mtu anakupa kazi na anakubali mtoto? Anataka nini?" Lakini kazi ni kazi. Tulitafuta mwenye mkokoteni, tukapakia begi, godoro, jiko, na gunia katikati, mpapai umefika magotini. Mimi nilimbeba Nasimiyu. Mama Musembi hakwenda Sarang'ombe siku hiyo. Alitembea nyuma ya mkokoteni kutoka Raila, tukatokea Ngong Road, mpaka Kawangware, mkono wake mmoja umeshika gunia njia yote, kwa sababu alisema wenye mikokoteni wana tabia ya kubadilisha mizigo ya watu.

"Mama, nani atabadilisha udongo?" mwenye mkokoteni akamuuliza.

"Wewe sukuma."

Ploti mpya ilikuwa safi kuliko yetu. Tuliteremsha gunia, tukaliweka karibu na mlango wa Mourine, mahali penye jua la asubuhi. Mama Musembi akakagua kuta, bomba, choo, milango ya majirani. Akamwelekeza Mourine namna ya kukata maganda, namna ya kuyafunika, na asipokee maganda ya mtu yeyote. Hakuna kitu cha pale alichokipenda.

Mwanamke mmoja alikuwa akifua nguo kwenye bomba. Alikuwa mwenye uso mzuri, wa kukaribisha. Akasimama, akajifuta mikono, akaja kumtekenya Nasimiyu shavuni.

"Karibuni jamani. Mtoto mrembo hivi! Kwao ni wapi?"

Ni swali ambalo kila mtu Nairobi huuliza kila mtu, na halina ubaya. Lakini nilimwona Mourine akiinamisha kichwa, kama anavyofanya siku zote.

Mama Musembi akaweka kiganja juu ya gunia.

"Kwao ni kwangu," akasema. "Na wewe unauliza ya nini?"